Wageni na Wenyeji wa Chagaik

Msafiri aliyezaliwa pwani, ambaye macho yake yamezoea mnazi, mkoko na bahari inayobadilika rangi kila saa ya mchana, aghalabu hustaajabu afikapo Kericho kwa mara ya kwanza, kwa kuwa huko hukuta nchi nzima imevikwa rangi moja: mabonde na vilima, tangu ukingoni mwa barabara hata upeo wa macho, vimefunikwa na chai iliyokatwa sawasawa kwa kimo cha kiuno cha mtu, na baina ya mashamba mna vijia vyembamba wapitamo wachumaji na vikapu vyao mgongoni. Hapo husema moyoni kwamba amefika katika nchi ya msitu. Kauli hiyo ni ya makosa, ingawa ni makosa yenye udhuru. Maana shamba la chai ni mmea mmoja uliorudiwa mamilioni ya mara, ilhali msitu ni jamii ya mimea mingi isiyofanana kwa kimo, kwa umri, wala kwa tabia. Na mtu atakaye kuiona tofauti hiyo kwa macho yake mwenyewe, bila ya kuingia katika vilindi vya msitu wa Mau akiwa na kiongozi na viatu vya matope, hana haja ya kwenda mbali: na aende Chagaik.

Mahali hapo ni takriban kilomita 8 mashariki ya mji wa Kericho, kandokando ya njia kuu iendayo Nakuru, ukiisha kukipita kituo cha biashara kiitwacho Brooke, ambacho kimerithi jina la kampuni ya chai iliyotawala maisha ya wilaya hii kwa miaka mingi. Ni bustani ya miti pamoja na bwawa lake, si mbuga ya wanyama; hapana tembo, hapana twiga, wala hapana jambo la kumfanya mtu arudi kwao na kisa cha hatari. Nyasi zilizokatwa huteremka polepole hadi majini, na uso wa bwawa umetandwa na yungiyungi. Nyuma ya nyasi pamesimama vichaka vya mianzi minene na miti ya nchi mbalimbali za joto, ambayo sasa imekuwa mirefu kiasi cha kumlazimu mtazamaji ainue shingo. Siku za Jumamosi na Jumapili jamaa huja na vyakula vyao, watoto hukimbia huku na huko, na vijana hutafuta kivuli cha kupigia picha. Siku za kazi utulivu ni mwingi zaidi, na mtu aliyekuja kwa ajili ya miti, wala si kwa ajili ya watu, atachagua siku hizo.

Aliyeipanda bustani hii alikuwa mkulima wa chai, Mwingereza kwa jina la Grumbley, naye aliianza kazi hiyo katika zama za baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Jambo la mtu mwenye shamba la chai kuacha kipande cha ardhi nzuri bila ya kukipanda chai, akakijaza miti isiyomletea faida ya fedha, laweza kuonekana la ajabu. Lakini kwa watu wa tabaka lake na zama zake halikuwa geni. Sir John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Unguja katika karne ya kumi na tisa, alikuwa na bustani yake Mbweni ambamo alipanda mimea aliyoletewa kutoka pande nyingi za dunia. Wajerumani waliasisi chuo chao cha kilimo na elimu ya viumbe huko Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, wakapanda humo miti ya mabara yote ili wajue ipi itastawi katika himaya yao. Nairobi nayo ilipata bustani yake ya miti mwaka 1907, na sababu yake haikuwa tafrija hata kidogo: magari ya moshi ya siku zile yalikula kuni kwa wingi wa kutisha, misitu ya asili ilikuwa ikikatwa mbiombio kuyalisha, na Idara ya Misitu ilitaka kujua ni mti gani wa kigeni ungekua upesi ushike mahali pake. Kwa hiyo bustani za namna hii zina nasaba ya pande mbili: upande mmoja ni udadisi na mapenzi ya mtu kwa mimea, na upande wa pili ni hesabu ya mtawala. Chagaik, kwa kadiri niionavyo, ilirithi zaidi upande wa kwanza, na hiyo ndiyo sababu bado inapendeza.

Hata hivyo mgeni asisahau kwamba chai yenyewe, inayoizunguka bustani kila upande, ni ngeni vilevile. Mchai ni mti wa Asia. Ukiachwa bila ya kupogolewa hurefuka ukapita mita 10, ukatoa maua meupe yenye vidole vya manjano katikati. Ni kisu cha mkulima kinachouzuia, mwaka hata mwaka, uwe kichaka kifupi kinachotoa machipukizi kila baada ya wiki moja au mbili. Katika Kenya ulipandwa kwanza Limuru mwaka 1903, na hata wakati huo hapakuwa na mtu aliyeota kwamba Kericho ingekuwa makao yake makuu. Kilichotangulia Kericho kilikuwa kitani. Baada ya Vita Kuu ya kwanza serikali ya kikoloni ilitenga ekari zipatazo 25,000 kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, ili walime kitani kwa ushirika. Bei ya kitani ikaanguka katika soko la dunia, mradi ukafa ungali mchanga, na ardhi ile, badala ya kurudishwa kwa waliokuwa nayo, ikapita katika mikono ya makampuni ya chai. Katikati ya miaka ya 1920 Brooke Bond na James Finlay walikuwa wamekwisha kutia mizizi. Tangu hapo mashamba yamebadili wenyewe na majina zaidi ya mara moja, lakini mimea haikuulizwa rai yake.

Waliokuwa na ardhi hiyo walikuwa Wakipsigis. Ningekuwa nimeandika habari nusu lau ningemsifia msomaji kivuli cha miti ya Chagaik nisimwambie kwamba vilima hivi vilikuwa malisho ya ng'ombe na mashamba ya wimbi kabla ya kuwa mali ya mtu aliyekuja na hati. Walioonja uchungu zaidi ni ukoo wa Talai, ambao ndio uliotoa makohani na waonaji wakuu, waitwao orkoiik, waliosikilizwa na Wakipsigis na Wanandi katika mambo ya vita, mvua na mustakabali. Serikali iliona kwamba maadamu watu hawa wana kauli, wananchi hawatanyenyekea. Kwa hiyo mwaka 1934 ikatunga sheria mahsusi ya kuwahamisha, ikawapeleka ukoo mzima, wanawake na watoto pamoja, hadi Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, mahali palipojaa mbung'o na mbu, ambako walikaa uhamishoni kwa muda wa takriban kizazi kizima. Mwaka 2022 wawakilishi wa Wakipsigis na Talai waliyafikisha malalamiko yao mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu huko Strasbourg. Basi mtu anayetandika mkeka wake penye nyasi za bwawa ameketi juu ya ardhi yenye daawa, na kujua hivyo hakuharibu chakula chake. Kunamwongezea tu adabu.

Nirudi kwenye miti, au tuseme kwa wale wanaoishi juu yake, maana ndio wanaowavuta watu wengi wafike Chagaik mapema asubuhi. Mbega, nyani yule mweusi mwenye joho jeupe linaloning'inia mbavuni na mkia unaoishia kwa shungi la manyoya meupe, bado anaonekana katika bustani hii, na mtu mwenye subira ya kuketi kimya chini ya mti kwa nusu saa hakosi kumwona akiruka. Namna yake ya kuruka ni ya peke yake: hujitupa hewani mikono na miguu ikiwa imefunguka, joho likapeperuka, akaangukia matawi ya mti wa pili kwa kishindo kinachomtisha mgeni lakini kisichomdhuru yeye. Hana kidole gumba, isipokuwa kijinundu tu. Na wataalamu husema kwamba mkono wa vidole vinne virefu hushika tawi kama kulabu, pasipo kidole cha kukwama.

Tabia ya mbega inastahili kuelezwa kwa urefu kidogo, kwa kuwa ndiyo ufunguo wa kuelewa kwa nini anahitaji msitu wala hatosheki na shamba. Chakula chake kikubwa ni majani. Majani ni mengi, lakini yana lishe haba, ni magumu kumeng'enywa, na mengine yana sumu ambazo mti umejiwekea kuwa kinga yake. Mungu amempa mbega tumbo lenye vyumba kadhaa, ambamo vijidudu visivyoonekana kwa macho huyachachisha majani hayo na kuyavunjavunja kabla hayajafika mbele, mithili ya tumbo la ng'ombe. Na kwa sababu kazi hiyo huchukua saa nyingi, mbega hutumia sehemu kubwa ya mchana akiwa ameketi tu, jambo linalowafanya watu wamdhanie kuwa mvivu. Binamu yake wa Unguja, kima punju wa Jozani, amegundua hila nyingine: hula makaa ya mti uliochomwa, na makaa hayo hunyonya baadhi ya sumu za majani ayalayo. Mbega wa Kericho hana habari ya makaa, yeye huchagua. Leo hula majani machanga ya mti huu, kesho ya mti ule, na keshokutwa matunda mabichi ya mti wa tatu, na kwa uchaguzi huo ndipo anapopata afya. Mpe msitu wa mti mmoja, hata ukiwa mkubwa namna gani, naye atadhoofika. Ndiyo maana maelfu ya ekari za chai hazimfai kitu, na wala msitu wa mikalitusi haumfai, bali vijisitu kama hivi, na kingo za mito palipobaki miti ya asili, ndivyo vinavyomhifadhi.

Mtoto wa mbega huzaliwa mweupe pepe, hana jeusi hata doa, na hubaki hivyo kwa miezi michache kabla ya rangi ya wakubwa kumjia. Weupe huo huwavuta majike wengine wa kundi, nao hupokezana kumbeba hata mama apate nafasi ya kula. Alfajiri dume hunguruma kwa sauti nzito inayosikika mbali, na dume wa kundi la jirani humjibu, na yule wa tatu humjibu wa pili, hata bonde zima likawa na mazungumzo. Katika karne ya kumi na tisa ngozi za mnyama huyu zilisafirishwa Ulaya kwa wingi zikapambe mavazi ya mabibi wa mijini. Desturi hiyo imekwisha. Upungufu wa makao ndio adui wake wa leo.

Ndege nao ni wengi, na anayejua sauti zao atapata burudani asiyoitarajia: kwarara, ambaye hupita jioni akilia kama mtu aliyedhulumiwa, shorobo, ambaye huonyesha wekundu wa mbawa zake pale tu arukapo, na hondohondo mwenye mdomo mzito. Sitawaorodhesha wote, kwa kuwa kuna watu wenye vitabu na darubini waliokwisha kuifanya kazi hiyo kwa ustadi kunizidi.

Jambo ambalo kila mgeni lazima alijue kabla ya kutoka nyumbani ni mvua. Mji wa Kericho uko kwenye kimo cha takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake ni karibu mita mbili kwa mwaka, tena si mvua ya msimu mmoja kama masika ya pwani, bali hunyesha karibu miezi yote. Asili yake ni ziwa na milima kwa pamoja. Mchana jua linapoikaanga nchi kavu, hewa yenye unyevu huvutwa kutoka Ziwa Victoria kuelekea mashariki, hupanda miteremko ya Mau, na kule juu hukutana na pepo zitokazo upande wa pili. Hewa hiyo inapopanda hupoa, ikapoa zaidi, wingu likajijenga kama ngome, na kufikia alasiri hufunguka. Wakati mwingine kinachoshuka si maji bali ni mvua ya mawe. Katika dunia nzima ni mahali pachache mno panaponyeshewa mawe kwa kadiri ya Kericho: wastani hutajwa kuwa siku 50 kwa mwaka, na imeandikwa kwamba katika mwaka mmoja zilihesabiwa siku 132. Mawe hayo hupasua majani ya chai, na hasara yake ni kubwa kiasi kwamba katika miaka ya 1960 wenye mashamba walijaribu kuyapiga vita mawingu yenyewe kwa kuyarushia maroketi yenye baruti, wakitumaini kuyavuruga kabla hayajaganda. Mawingu yalishambuliwa, na mawe yakaendelea kushuka hadi hii leo.

Msitu una sehemu yake katika habari hii ya mvua. Miti mirefu hunywa maji kwa mizizi na kuyarudisha hewani kwa majani. Hupunguza ukali wa upepo. Huipokea mvua kwa matawi yake mengi ili ifike chini kwa upole, ikazama ardhini badala ya kuporomoka na udongo. Mkulima wa chai analijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu chai haitaki jua kali, haitaki ukame, wala haitaki baridi ya kupitiliza. Hapa ndipo penye kinaya kikubwa cha nchi hii: msitu ulikatwa ili chai ipandwe, na chai haistawi ila karibu na msitu. Serikali ya Rais Moi ilijaribu kuyapatanisha mambo haya mawili mwaka 1986 kwa kuanzisha mikanda ya chai iitwayo Nyayo kandokando ya misitu ya taifa, ili chai iwe ukuta wa kuwazuia watu wasiingie. Fikra yenyewe ilikuwa ya werevu, ingawa ukuta wenyewe nao ulihitaji ardhi ya kusimamia, na ardhi hiyo ilitolewa katika msitu.

Viwanda vya chai navyo vina deni lao. Ili majani yaliyochachuka yakauke, pahitajika moto wa daima, na moto huo aghalabu huwashwa kwa kuni. Ndiyo sababu msafiri huona, kati ya chai na chai, mashamba marefu ya mikalitusi iliyopangwa safusafu. Mti huo wa Australia hukua upesi, hukatwa, ukachipuka tena kutoka kisikini. Mtu asiyejua huuita nao msitu. Lakini ingia ndani yake usikilize: ndege ni wachache, vichaka vya chini ni haba, na mbega hayupo. Kisha ingia Chagaik. Baada ya mtu kutembea katika mahali hapa pawili kwa siku moja, hapana haja ya mwalimu wala ya kitabu.

Ama msitu wenyewe wa asili, huo ndio Mau, ambao ukingo wake wa kusini-magharibi unaanza karibu tu na mashamba, nao ukijumlishwa na matawi yake yote ulikuwa na hekta zipatazo 400,000, mkubwa kuliko misitu yote ya milimani iliyofungamana katika Afrika Mashariki. Nasema ulikuwa, kwa sababu sehemu yake kubwa imeliwa katika uhai wa watu walio hai leo. Mwaka 2001 peke yake serikali iliondoa zaidi ya hekta 60,000 katika hifadhi kwa hati rasmi, na kuwarudisha nyuma waliokwisha kuingia kumekuwa chanzo cha machozi, siasa na kesi zisizokwisha. Waliokaa humo tangu zamani ni Waogiek, wawindaji na warina asali, waliotundika mizinga yao katika miti mirefu na kuhama na maua kutoka bonde hata kilele. Hao nao walitolewa kwa hoja ya kuuhifadhi msitu, nao wakashtaki. Na mnamo tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ikahukumu kwamba haki zao zimevunjwa na kwamba wao si waharibifu wa Mau.

Mkipsigis mtu mzima akikupitisha msituni hukuonyesha duka la dawa, ghala la mbao na jiko kwa wakati mmoja. Tendwet ni mti ambao gome lake limekuwa dawa tangu zamani, na wazungu walipogundua kwamba linawafaa wazee wenye maradhi ya tezi dume likaanza kununuliwa kwa tani, hata biashara yake ikabidi iwekwe chini ya mkataba wa kimataifa ili mti usije ukatoweka. Saptet ndiyo podo ya maseremala. Emitiot ni mzeituni mwitu wenye mbao ngumu. Tegat ni mwanzi wa milimani. Senetwet ni kichaka cha maua ya manjano. Makaa ya vijiti vyake husuguliwa ndani ya kibuyu kabla ya kumiminwa maziwa, na ndiyo yanayoyapa maziwa hayo, yaitwayo mursik, rangi ya kijivu na ladha ambayo mgeni huisitia mara ya kwanza na kuitafuta mara ya pili. Nayo sinendet ni mmea wa kutambaa ambao huzungushwa shingoni mwa mshindi. Walioona mapokezi ya wakimbiaji wa Kericho na Bomet warudipo na medali wameuona, hata kama hawakujua jina lake. Laiti miti ya bustani zetu zote ingeandikwa majina yake ya kwao pamoja na majina ya Kiswahili na yale ya Kilatini, mtoto aliyeletwa na shule yake angejifunza mengi zaidi ya kula biskuti kando ya maji.

Anayetaka kuona kazi ya msitu huu kwa namna ya maji, na ashike njia ya Bomet. Mto Nyangores hushuka kutoka Mau, hupita karibu na mji wa Bomet, na huko Tenwek huanguka juu ya mwamba kwa maporomoko yasiyo marefu sana lakini yenye nguvu. Wamishonari waliojenga hospitali hapo tangu miaka ya 1930 waliyaangalia maporomoko hayo kwa nusu karne, kisha mwaka 1987 mitambo ikaanza kuyatumia kuipa hospitali umeme. Mbele ya hapo Nyangores huungana na mto Amala, na miwili hiyo ndiyo Mto Mara, ule ambao maelfu ya watalii huenda kutazama nyumbu wakiuvuka, na ambao huishia Ziwa Victoria katika ardhi ya Tanzania. Mito mingine ya Kericho na Bomet hukusanyika na kuwa Sondu, na maji ya Sondu huzungusha mitambo ya umeme ya megawati 60 kabla ya kuingia ziwani. Mti ukikatwa Mau, kwa hiyo, anayeulizwa si Mkipsigis peke yake. Mvuvi wa Musoma ana haki ya kuuliza pia.

Mtu mwenye siku ya pili na gari la uhakika na aende kaskazini hadi Fort Ternan, kwenye reli ya zamani ya Kisumu. Hapo, mwaka 1961, Louis Leakey alichimbua mabaki ya kiumbe wa jamii ya sokwe aliyeishi miaka milioni 14 iliyopita, akamwita Kenyapithecus wickeri kwa heshima ya mwenye shamba lililochimbuliwa. Pamoja naye yalipatikana mabaki ya wanyama wengi wa kale, na kutokana nayo wataalamu wamebishana kwa miaka mingi kama nchi ile ilikuwa msitu mnene au miti iliyochanganyika na nyasi. Sina budi kusema kwamba jicho la kawaida haliambulii mengi huko, ila kilima, joto na reli. Faida yake ni ya akili. Mzozo wa msitu na uwanda, kumbe, ni wa zamani mno katika sehemu hizi, wala haukuanza na hati ya Mwingereza.

Kwa wale watakaokwenda Chagaik, maneno machache ya vitendo. Toka mjini mapema. Matatu za njia ya Nakuru hupita hapo, na dereva akiambiwa jina la mahali atashusha abiria barabarani, kisha ni mwendo wa miguu. Vaa vazi zito asubuhi, na uwe na lingine jepesi chini yake. Mbega asipewe mkate wala ndizi, si kwa ubahili, bali kwa sababu vyakula vyetu huchafua tumbo lile la vyumba nililolieleza, na kwa sababu mnyama aliyezoea mkono wa mtu huishia kupora au kupigwa. Watoto washikwe mkono karibu na bwawa, kwa kuwa yungiyungi hufunika maji hata yakaonekana kama ardhi imara. Takataka zirudi na aliyezileta. Mashamba ya jirani ni mali ya watu na ni mahali pa kazi. Mchumaji wa chai hulipwa kwa kilo, na mgeni anayemsimamisha ili ampige picha anamla muda wake, basi amwombe kwanza ruhusa, na akikataliwa ashukuru apite. Kufikia saa nane mchana atazame upande wa magharibi: wingu likianza kuwa jeusi, afungashe, maana njia ya udongo ya Kericho ikiisha kulowa haimstahi mwenye viatu vizuri.